Kabla Hujapeleka Mgono wa Babu Makumbusho

Mgono wa babu yangu, mtego wa samaki uliosukwa kwa fito, ulikaa juu ya meko kwa dani, yaani nyanya kwa Kiluo, kule Nyakach, tangu kabla sijazaliwa. Moshi ulikuwa umezipaka fito zake weusi unaong'aa, na ukiusogelea ulinusa samaki wa miaka mingi. Siku lile jiko la udongo lilipobomolewa dani ajengewe la matofali, vijana walitaka kuutupa motoni. Mimi, ninayejiita msomi wa ukoo, nikaunyakua. Nikasema huu ni wa makumbusho.

Kisha nikafanya makosa matatu ndani ya wiki moja. Niliusugua kwa brashi na sabuni ya unga. Nikaupaka vanishi upendeze. Halafu nikaupeleka kwenye jumba dogo la makumbusho, ambalo silitaji kwa sababu kosa lilikuwa langu, na dada wa mapokezi aliponiuliza habari zake, nikajibu: "Ni wa kuvulia samaki. Ni wa zamani sana." Akaandika hivyo hivyo. Angeandika nini tena?

Miaka miwili baadaye nikampeleka dani auone. Alisimama mbele ya kabati la kioo, mikono nyuma, akauangalia kama mtu anayemtambua jamaa yake katika kundi.

"Nani ameuogesha?"

Nikanyamaza. Akaniomba nimsomee kikadi. Kilikuwa na maneno mawili: *Mgono. Nyanza.* Akasubiri nimalize, akidhani bado naendelea.

"Na ningu wako wapi?"

Hapo ndipo nilipojua nimepeleka kikapu tu, mgono wenyewe nimeuacha nyumbani. Ningu ni samaki wa Ziwa Victoria anayepanda mito wakati wa mvua ili akatage mayai. Zamani mvua za masika zilipojaza Sondu, Nyando na Nzoia, ningu walipanda kwa makundi, na watu wa kandokando ya mito waliwategea migono. Baadaye nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki mashavuni, zikategwa kwenye midomo ya mito, samaki wakanaswa kabla hawajataga, na ningu wakapungua vibaya. Mtoto wa Kisumu leo anamjua mbuta, ngege na omena. Mtajie ningu atakuuliza ni nani huyo. Habari yote hiyo ilikuwa ndani ya mgono wetu, nami nikaifunika kwa vanishi.

Kwa hiyo ukiwa na kitu cha wazee unachotaka kukipeleka makumbusho, usikioshe. Masizi, mafuta, kamba ya nailoni iliyofungwa mahali palipokatika, hayo yote ni ushahidi. Mhifadhi mmoja alinieleza baadaye kwamba uchafu wa matumizi ukishaondolewa haurudi, na vanishi huziba hata vile vitundu ambavyo mtaalamu angetaka kuvichungulia. Kama unaogopa wadudu, waambie tu. Makumbusho mengi hutenga vitu vya fito na mbao kwanza, wengine huvigandisha kwenye friza ili bungua wafe, ndipo viingie ghalani. Usidhani wamekipuuza.

Lakini la kusafisha ni dogo. Kubwa ni maneno. Chukua simu, kaa na mzee mwenye kitu hicho, na usimwulize "hiki ni nini?" Swali hilo huzaa jibu kama langu. Mpe akishike. Mwambie, "Dani, nionyeshe mlivyokuwa mnautega." Dani wangu aliposhika mgono mwingine wa jirani, mikono yake ilianza kabla ya mdomo: mdomo wa mtego uelekee wapi, mawe yapangwe vipi usisombwe na maji, nani aliamka kwenda kuutazama. Elekeza kamera kwenye mikono. Na majina ya sehemu zake yaandike kwa lugha ya mwenyewe kwanza, iwe Dholuo, Lulogooli au Ekegusii. Kiswahili kije baadaye. Mimi hapa nasema mgono kwa sababu naandika Kiswahili, lakini dani hajawahi kuuita hivyo maishani mwake.

Kama una shaka kwamba maneno yana uzito huo, nenda Makumbusho ya Kisumu, yale yaliyofunguliwa mwaka 1980 kwenye barabara ya kwenda Kericho. Watoto hukimbilia samaki na nyoka, nami siwalaumu. Wewe pita hadi Ber-gi-dala, boma la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, nyumba za wake, simba, yaani kibanda cha vijana wa kiume, na ghala. Ukiingia peke yako utaona nyumba za udongo tu. Ingia na mzee, umwulize kwa nini nyumba ile iko pale na si kule, kisha tafuta mahali pa kukaa, maana hamtatoka haraka. Kule Lamu nilikuta hali hiyo hiyo: siwa ya Pate, baragumu kubwa iliyochongwa kwa pembe za ndovu, ni pembe tu mpaka mwenyeji akueleze ilipulizwa katika shughuli gani na kwa heshima ya nani. Na kisiwani Mfangano, wenyeji wana makumbusho yao ya Abasuba. Huko hata lugha yenyewe, Olusuba, imemezwa na Dholuo kiasi kwamba anayeijua vizuri ni wa kutunzwa kuliko chungu chochote.

Mambo ya karatasi nitayapitia upesi. Omba ruhusa ya ukoo kabla. Baba yangu mdogo alikasirika mwezi mzima, na alikuwa na haki. Ulizia kama unatoa moja kwa moja au unaazima, na liandikwe. Dai nakala yenye namba ya usajili ya kitu chako, kwa sababu bila namba hiyo mjukuu wako hataweza kukiomba akione kikiwa ghalani, na vitu vingi huishi ghalani, si kabatini. Na kile ambacho bado kinatumika nyumbani kiache kitumike. Chungu cha maji cha dani hakiendi popote.

Tulirudi pale mara ya tatu, na rekodi kwenye simu. Yule dada akavuta kiti, dani akakaa, na darasa la wanafunzi lililokuwa likipita likasimama kusikiliza bila kuambiwa. Mvulana mmoja akauliza ningu ana ladha gani. Dani akafikiri. "Ana miiba mingi," akasema, "lakini hukuwa unalalamika."

Kikadi kipya kina mistari minne. Kina jina la mto, jina la Kiluo la mtego, ningu na mvua zao, na kinakiri kwamba vanishi imepakwa na familia. Nilipomsomea dani, alikubali yote isipokuwa neno moja. Kiliandikwa kwamba mtego ulitazamwa asubuhi.

"Usiku," akasema. "Asubuhi fisi-maji ameshakula. Waandike usiku."