Jibu: Usiubebe mshumaa huo darasani kabla hujauwasha ukiwa peke yako

Mleta mada, usilifundishe somo hilo jinsi ulivyolieleza. Umeandika kwamba Jumatatu unaanza mazoezi ya kufundisha, kwamba umepangiwa Sayansi darasa la nne, na kwamba utasimamisha mshumaa katika sahani yenye maji, utauwasha, utaufunika kwa gilasi, na maji yakipanda utawaambia watoto kuwa yamejaza nafasi ya oksijeni iliyoungua, ambayo ni moja ya tano ya hewa. Umeuliza pia kuhusu andalio la somo, kuhusu kutuliza darasa lenye kelele, na kuhusu sauti kutetemeka mkufunzi akiwa amekaa nyuma na daftari lake. Nitayafikia hayo nafasi ikiruhusu. Ila nilipofika kwenye neno "gilasi" damu ilinichemka, kwa sababu somo hilo ndilo nililoanzia mimi, kwa maelezo hayo hayo, na maelezo hayo si kweli.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuandika hitimisho ubaoni kwa chaki ya rangi kabla hata sijagusa kiberiti. Gilasi nilikuwa nimeichora mistari ya kuigawa sehemu tano zilizo sawa, ili maji yakifika mstari wa kwanza nioneshe kwa kidole na darasa lipige makofi. Mshumaa ulipofunikwa uliendelea kuwaka kwa muda mfupi huku maji yakiwa karibu pale pale yalipokuwa, ukafifia, ukazimika, na baada ya kuzimika ndipo maji yalipopanda kwa kasi na kusimama mahali pasipokuwa na mstari wowote. Nilionesha mstari hata hivyo.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, si moto ndio ulikuwa unatumia oksijeni? Mbona maji yalisubiri hadi uzimike?" Nikajibu kwamba maji huchelewa kidogo. (Ndiyo, wadau, maji huchelewa, pengine yalikuwa kwenye foleni.) Mvulana mmoja naye akaomba tuweke mishumaa miwili, na kwa kuwa nilikuwa na mishumaa ya ziada pamoja na kiburi cha ziada, nikakubali. Maji yakapanda juu kuliko mara ya kwanza. Akauliza, bila dhihaka yoyote, kama mishumaa ikiwa miwili hewa ya gilasini huwa na oksijeni nyingi zaidi. Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, na kosa lenyewe halikuwa la mshumaa tena: niliwaambia wakae vizuri, waache maswali ya kupoteza muda, wanakili kilichoandikwa ubaoni. Wakanakili. Kwenye jaribio la mwisho wa mwezi darasa karibu lote liliandika sentensi yangu neno kwa neno, nami nikakaa na kalamu nyekundu nikiweka alama ya vema juu ya jambo ambalo wakati huo nilikuwa nimekwisha kujua kuwa ni la uongo. Yule msichana alipata alama zote, lakini katika kipindi chote kilichobaki cha mazoezi hakuninyooshea mkono tena.

Sasa sikiliza kinachotokea hasa, kwa maana watoto wale wawili walikuwa wamekikaribia kuliko mimi. Unaposhusha gilasi juu ya moto, hewa iliyo ndani hupata joto na kutanuka, na sehemu yake hutoka nje. Ukitazama ukingo wa gilasi kwa makini utaona mapovu yakiponyoka. Moto ukizimika, hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, mvuke uliotokana na kuungua hugeuka matone kwenye kuta za gilasi, na hewa ya nje husukuma maji kuingia ndani kujaza upungufu huo. Ndiyo sababu maji husubiri moto uzimike, na ndiyo sababu mishumaa miwili, yenye joto zaidi, huyapandisha zaidi. Kuhusu oksijeni, mshumaa hauimalizi. Huzimika ikiwa imeshuka kutoka asilimia 21 hadi karibu asilimia 16, na sehemu kubwa ya nafasi ya ile iliyotumika huchukuliwa na kaboni dayoksaidi, ambayo huyeyuka majini polepole na si kwa mfyonzo ule wa ghafla. Kwa hiyo hata siku maji yakigota kwenye mstari wako wa moja ya tano, yamegota kwa bahati, na mtoto atakayebadilisha gilasi nyumbani kwao atakuumbua.

Sikujitungia uongo huo. Nilikabidhiwa na mwalimu mlezi wangu, mtu mwenye uzoefu mrefu, aliyenipa daftari lake la maandalio kwa upendo mkubwa na kunihakikishia kwamba jaribio hilo halijawahi kumwangusha mtu, wala hapakuwa na haja ya kulijaribu mapema, kwa kuwa "watoto wa umri huo hawaulizi maswali magumu". Wanauliza, ila kwake walikuwa wamekwisha kujifunza kunyamaza. Mkufunzi aliyekuja kunikagua ndiye aliyenimaliza: aliandika kwamba darasa lilikuwa tulivu, ubao nadhifu na lengo la somo limefikiwa, akanipa alama nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Nimebaki na kinyongo na karatasi ile ya ukaguzi hadi leo. Ina kisanduku cha usafi wa mavazi na kisanduku cha matumizi ya ubao, lakini haina mahali popote pa kuuliza kama jambo lililofundishwa ni la kweli.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaisema hata kama hukuiuliza: jaribio lolote lifanye ukiwa peke yako kabla ya somo, kwa vifaa vile vile utakavyotumia, kisha badilisha kitu kimoja na ulirudie. Kulifanya mara moja na kuona kwamba "limekubali" hakutoshi, kwa sababu jaribio la mshumaa hukubali daima. Kinachoanguka ni maelezo yake, nayo hayaanguki mpaka uyasukume. Weka mshumaa mmoja, halafu miwili. Shusha gilasi upesi, halafu irudie ukiishikilia juu ya moto kwa kitambo kabla ya kuishusha. Mwisho acha moto kabisa: ichovye gilasi katika maji ya moto hadi ipate joto, igeuze haraka juu ya sahani ya maji baridi, na utaona maji yakipanda kidogo bila chochote kuungua. Ningelifanya hili la mwisho usiku wa kuamkia somo langu, nisingethubutu kuandika ile sentensi ubaoni.

Ukishajua hayo, mshumaa wenyewe unaweza kuubeba darasani, lakini lengo la somo liwe kwamba hewa ikipata joto hutanuka na ikipoa husinyaa, na ubao uwe mtupu. Waulize kabla hujawasha: maji yatapanda lini, moto ukiwaka au ukizimika? Kila mmoja aandike jibu lake kwenye daftari ili asije akalibadilisha baada ya kuona. (Nywele ndefu zifungwe na mikono ya mashati ikunjwe; hilo nalo halikuwemo katika daftari la mwalimu mlezi.)

Ikiwa mtaala unakudai lazima uoneshe ile moja ya tano, tumia kutu. Chukua nyuzi laini za chuma za kusugulia masufuria, zile zinazoshika kutu kwa urahisi, ziloweke katika siki kwa dakika chache ili kuondoa mafuta, zisuuze, kisha zisukumie chini kabisa ya chupa ndefu nyembamba na uigeuze chupa hiyo mdomo ukiwa ndani ya maji. Kando yake weka chupa nyingine kama hiyo isiyo na nyuzi. Chuma kinaposhika kutu huchukua oksijeni bila kurudisha gesi nyingine mahali pake, na hakuna joto la kukuvuruga, kwa hiyo baada ya siku kadhaa maji hupanda karibu moja ya tano ya chupa ya kwanza na kukoma, ilhali kwenye ile ya pili hayaendi popote. Mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier katika karne ya 18 alifuata njia ya namna hiyo hiyo: alipasha zebaki moto kwa siku 12 katika hewa iliyofungiwa, naye akapata unga mwekundu na hewa iliyopungua. Hakuutegemea mshumaa kupima upungufu huo, na nadhani sasa unaelewa kwa nini.

Ya andalio la somo na ya sauti kutetemeka, waliotangulia humu watakujibu vizuri kuliko mimi; yangu bado hutetemeka. Kelele nazo usizihofu sana wiki ya kwanza, hasa zikiwa zinahusu gilasi. Nyuzi zako ziloweke leo, kwa kuwa kutu haitakusubiri Jumatatu asubuhi, na jioni uwashe hiyo mishumaa. Maji yakifanya jambo tofauti na nililoeleza, liandike hapa pamoja na ukubwa wa gilasi na idadi ya mishumaa uliyotumia, nami nitalirudia kwangu usiku huo huo.