Kabla hujatia dawa nyuzi zako za mkonge

Mteja aliagiza vikapu 12, vyeupe kama kanzu ya Idi. Nikachukua dawa ya klorini tunayofulia mashuka, nikazidisha kipimo, nikalowesha kilo tatu za mkonge, nikalala. Asubuhi nyuzi zilikuwa na umanjano, na uzi wa kwanza niliouvuta ulikatika bila hata sauti.

Wenzangu wa Malindi mnaosuka, mkonge si pamba. Pamba karibu yote ni selulosi, kitu kinachoujenga uzi wa mmea. Mkonge una lignini pia, inayoupa ugumu na rangi yake, na klorini ikikutana na lignini huacha umanjano. Ukiiacha muda mrefu, huila selulosi yenyewe.

Sasa natumia haidrojeni peroksaidi. Kwanza nazichemsha nyuzi kidogo kwa maji ya magadi, kutoa utomvu na vumbi, kisha nasuuza. Halafu nazitia kwenye peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda iuzwayo duka la dawa, yenye moto lakini isichemke, na magadi kidogo. Pasipo magadi hufanya kazi polepole mno. Nageuza kwa mwiko wa mbao kwa saa moja hivi. Chombo kisifunikwe kikazibwa, maana hewa inayotoka huweza kukipasua. Ile ya viwandani, ya asilimia 35, hubabua ngozi, mimi siigusi.

Chombo chenyewe ndicho wengi hawakitilii maanani. Mara ya pili niliharibu mzigo ndani ya pipa lenye kutu. Chuma huifanya peroksaidi itoe povu na kuisha upesi, na kila chembe ya kutu ilipokaa, uzi ulilika. Sufuria zetu za alumini nazo huliwa na magadi. Tafuta sufuria ya enameli isiyobanduka. Maji ya kisima yakiacha alama nyekundu ndooni, yana chuma. Kinga ya mvua.

Suuza mara nyingi, na maji ya mwisho utie siki kidogo kuua magadi. Lakini siki isikutane kamwe na dawa ya klorini! Hutoka gesi ya sumu inayoshika kifua, na vyumba vyetu vina madirisha madogo.

Anika kivulini, kisha vuta uzi mmoja uliotiwa dawa na mmoja usiotiwa, ulinganishe nguvu zake. Mteja yule aliporudi nilimpa avute mwenyewe. Akachukua vikapu vya rangi ya mkonge, akataka weupe kwenye ukingo tu.