Maswali ya Wasomaji: Kipima Hewa Kinaposoma 140

Shule yetu iko Nansana, karibu na Kampala. Kipima hewa tumekifunga chini ya paa la mabati la jengo la ofisi, na jiko la shule liko mita sita hivi kutoka hapo. Kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi kinasoma PM2.5 (chembe nyembamba sana za moshi na vumbi) ya mikrogramu 120 hadi 140, mchana kinashuka hadi 30. Wazazi wana wasiwasi. Tuziamini namba hizi? (Mwalimu wa sayansi, Nansana)

Mwalimu, hewa ya asubuhi huko kwenu ni mbaya kweli, lakini 140 yote si ya barabarani. Humo mna vitu vitatu.

Cha kwanza ni cha kweli. Usiku ardhi hupoa, hewa baridi hutelemka kutoka vilimani na kulala mabondeni, na juu yake hubaki hewa yenye joto zaidi inayoifunika kama mfuniko. Moshi wa mkaa, wa takisi na wa taka zilizochomwa jioni hukosa pa kwenda mpaka jua liipashe ardhi joto, mara nyingi kuanzia saa 4 hivi. Ndiyo maana saa 8 mchana namba inashuka hata kama magari ni yale yale.

Cha pili ni ukungu. Kifaa cha aina yenu hakipimi uzito wa vumbi. Feni ndogo huvuta hewa mbele ya mwanga wa leza, na kifaa hukadiria uzito kutokana na mwanga unaotawanywa na chembe. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 80 hivi, chembe hunyonya maji na kuvimba, na matone ya ukungu nayo huhesabiwa kama moshi. Fungua safu ya unyevu kwenye data yenu. Saa ambazo unyevu umepita 80 zitieni alama, msizifute. Kumbukeni tu kwamba kipimo cha unyevu kilicho ndani ya kasha lenye joto husoma chini kuliko hali halisi ya nje.

Cha tatu ni uji wa wanafunzi. Mita sita kutoka kwenye jiko la kuni, mnapima jiko.

Kihamisheni. Kiwe mita 2.5 hadi 4 kutoka ardhini, angalau mita 20 kutoka jikoni na pasipochomwa taka, na mdomo wa kuvutia hewa uelekee chini ili mvua isiingie. Kisifungwe kwenye kona wala moja kwa moja chini ya mabati, maana joto la mchana huchosha betri na feni. Mkiweza, kwanza azimeni kifaa cha pili, kikae pale pa zamani wiki moja huku chenu kikiwa mahali papya. Tofauti ya saa 12 hadi saa 3 itawaonyesha mchango wa jiko.

Kisha kilinganisheni na kipimo cha rejea, yaani mashine inayokusanya vumbi kwenye utepe na kulipima kwa miale ya beta. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, hutengeneza vipima hewa vya gharama nafuu na kuvilinganisha na mashine za aina hiyo, ulizeni kwao. Vifaa viwili vikae bega kwa bega wiki mbili au zaidi, ndani yake mkiwemo siku za mvua na siku za kiangazi. Msichukue tu hesabu ya marekebisho iliyotengenezwa Marekani: moshi wetu wa mkaa na vumbi letu la marramu (udongo mwekundu wa changarawe wa barabara zisizo na lami) hutawanya mwanga kwa namna nyingine.

Lakini msisubiri hayo yote ndipo muwahurumie watoto. Mchakamchaka na michezo visogezwe baada ya saa 4, kuanzia kesho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, na hata hiyo 30 yenu ya mchana ni mara mbili yake.

Mimi ni mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) Bwaise. Kifaa chetu kinasema 35, simu ya kijana wangu inasema 100, mahali pale pale. Nani mwongo? (Mwenyekiti, Bwaise)

Hakuna mwongo, mzee. Kifaa kinatoa mikrogramu, simu inatoa faharasa ya ubora wa hewa ya Marekani, ambayo hugeuza mikrogramu kuwa alama. Kwenye faharasa hiyo, mikrogramu 35 za PM2.5 ni karibu alama 100, na tangu 2024 mikrogramu 9 ni alama 50. Kwenye ubao wa kijiji andikeni mikrogramu peke yake, na saa ya kipimo. Tumeona mikutano mizima ikiharibika kwa sababu ya kuchanganya hizi mbili.

Naendesha boda njia ya marramu nje ya Mbarara. Vumbi linaziba macho, lakini kipima hewa cha hapo stendi kinasema hewa ni nzuri. (Msomaji, Mbarara)

Vumbi la marramu kwa sehemu kubwa ni chembe nene, na kifaa kile kinafaa kwa chembe nyembamba za moshi. Feni yake haina nguvu ya kuvuta chembe nzito, hivyo namba ya PM10 (inayojumlisha na chembe nene) inayoonyesha ni makisio zaidi kuliko kipimo. Usiitumie kudai barabara imwagiwe maji, wala usimruhusu mtu aitumie kukukatalia. Kwa vumbi hilo inahitajika pampu yenye karatasi ya chujio inayopimwa uzito kabla na baada.

Kifaa chetu cha sola kinajizima usiku na kuwaka tena chenyewe, hasa kinapotuma data. (Fundi, Jinja)

Modemu ya simu inapotuma data huweza kuvuta hadi ampea 2 kwa muda mfupi sana. Betri iliyochoka au waya mwembamba hushusha volti, na kifaa kinajiwasha upya. Fupisha waya, tumia mnene zaidi, na weka kapasita (kihifadhi kidogo cha umeme) ya mikrofaradi 1000 karibu na modemu. Kisha piga hesabu: kifaa kinachokula wati 1 kwa wastani kinahitaji wati-saa 24 kwa siku, hivyo siku tatu za mawingu zinataka betri ya wati-saa 72. Paneli ya wati 10 itatosheleza siku ya jua tu. Ya wati 20 ndiyo itakayojaza betri tena. Ukiwa umekifungua, toa utando wa buibui kwenye mdomo wa hewa kwa brashi laini. Usipulize kwa kinywa, mate hutua kwenye kioo cha leza.