Wanajua Kifaransa, ila hawasemi

SWALI: Nafundisha Kifaransa kidato cha pili, wanafunzi 44. Kuandika wanaweza, lakini nikiuliza swali la ghafla wanainamisha vichwa au wanapekua daftari. Nifanyeje? – Mwalimu, Arusha

JIBU: Mwalimu, swali la darasa zima humpa nafasi mtu mmoja, tena akitazamwa na wengine 43. Wengi hawataki aibu hiyo. Waache wazungumze wawili wawili, wote kwa wakati mmoja.

Zoezi tunalolipenda kwa darasa kubwa ni 4/3/2, alilolieleza mtaalamu wa ufundishaji wa lugha Keith Maurice mwaka 1983: mtu anasimulia jambo lile lile kwa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili, kila mara kwa msikilizaji mpya. Kwa kidato cha pili dakika nne ni nyingi mno. Anza na sekunde 90, kisha 60, kisha 45. Chagua mada ambayo maneno yake wanayo tayari, kama walichofanya Jumapili. Wape dakika moja ya kufikiri na ruhusu maneno matano tu kwenye karatasi. Ukiruhusu sentensi, watasoma. Wakae mistari miwili inayotazamana; kila mzunguko ukiisha, mstari mmoja ubaki, wa pili usogee kiti kimoja. Msikilizaji asipobadilika, msimulizi hukatisha habari kwa kuwa mwenzake anaijua, na zoezi linakufa hapo. Naye msikilizaji awe na kazi: mwishoni aulize swali moja.

Wakikimbilia Kiswahili, usiwagombeze. Mara nyingi mada imewazidi, au hawana la kusema wakati wanatafuta neno. Andika pembeni mwa ubao, pasifutwe, maneno ya kuvuta muda: euh (eee), alors (basi), attends (subiri), comment on dit…? (…husemwaje?)

Usimkatize anayeongea. Pita katikati yao na daftari, nukuu makosa manne au matano yanayojirudia (j'ai allé badala ya je suis allé, “nilikwenda”, halikosekani), uyaandike ubaoni bila majina, wayasahihishe wenyewe, kisha warudie mzunguko mmoja. Huo wa mwisho ndio wenye faida kubwa, msiuache kengele ikikaribia.

Bado utauliza maswali ya darasa zima. Uliza, nyamaza sekunde tatu au zaidi, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza, wengine wanaacha kufikiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani, alikuta walimu wakisubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri tatu, majibu yalirefuka. Kwa lugha ya kigeni hata tano si nyingi.

Kelele zitakuwepo. Mwarifu mapema mwalimu wa darasa jirani.