Mwanao Anataka Jeshi? Funga Pochi Kwanza

Jumapili iliyopita jirani yangu hapa Tabata alinigongea mlango hata chai sijanywa. Mwanawe kamaliza kidato cha nne, anataka jeshi, na kapatikana "mtu wa ndani" anayetaka laki nane. Alikuja kuniuliza kama hiyo bei ni ya kawaida.

Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Mimi mwenyewe nilishalipa.

Nilikuwa na miaka 19. Yule bwana tulikutana naye stendi ya Mwenge, yuko na fulana ya kijani, buti zimeng'arishwa mpaka unajiona. Kila baada ya dakika tano anapokea simu: "Ndiyo afande, kijana ninaye hapa." Mama alikuwa ameuza cherehani yake. Bwana akahesabu noti huku akilamba kidole, akasema tusubiri meseji. Namba yake haikupatikana tena. Zile buti ndizo zilizotumaliza. Mjomba wangu, mwanajeshi mstaafu, alituuliza swali moja tu: askari mwenye kazi yake anakaa stendi saa nne asubuhi siku ya Jumatano kufanya nini?

Njia ya kweli haina siri. Nafasi za kujitolea JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, hutangazwa, na maombi hupitia ofisi za wilaya na mkoa, bure. JWTZ, jeshi lenyewe la ulinzi, nao wakitaka vijana, mara nyingi wanataka waliokwisha kupita JKT. Jambo hili lina mizizi. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito, ndiyo Lugalo ya leo unayoipita ukienda Tegeta, wakidai mishahara minono na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Mwalimu Nyerere akalivunja jeshi lile. JWTZ ilipozaliwa Septemba 1 mwaka huohuo, wengi wa vijana wake walitoka Umoja wa Vijana wa TANU na JKT, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu ianzishwe. Kwa hiyo kupitishwa kambini kwanza si usumbufu wa makaratasi. Wanataka wakujue.

Nilikuja kwenda baadaye kwa njia hiyo ya bure. Kosa langu lilikuwa raba: nilizinunua mpya Kariakoo jana yake. Wiki ya pili ya mchakamchaka kisigino kilikuwa nyama tupu, na chenja, nyimbo za kukimbilia, lazima uitikie. Mnunulie mwanao mapema, azivae mtaani mwezi mzima hadi zimzoee. Mengine, kelele za hanga la kulala, kwata za gwaride, lindo la usiku, atayazoea akiwa hukohuko.

Na mwambie hili kabla hajapanda basi: JKT haiahidi ajira. Wenyewe wanalitangaza kila mara, lakini sisi tukiwa kuruta tulidhani ni maneno tu. Miaka miwili ikaisha, majina ya waliopata ajira yakasomwa, langu halikuwemo. Kuna wenzangu walilia kama watoto. Mimi nilirudi nyumbani nimejifunza kujenga, na ukuta unaozunguka nyumba ya jirani yangu huyo ni kazi ya mikono yangu.

Yote hayo nilimweleza. Akatikisa kichwa, akanishukuru, akainuka. Alipofika getini akageuka:

"Sasa baba, tukimpunguzia mpaka laki tano?"