Kwa intani na matabibu wapya: hatua ya saratani ya mapafu inaanza kupimwa kitandani kwa mgonjwa

Wadogo zangu mnaoripoti kazini Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, karibuni. Mgonjwa huyu mtakutana naye mapema: ana kikohozi cha miezi kadhaa, amekonda, makohozi yana damu, na faili lake linaonyesha ameshameza dawa za TB ingawa kipimo hakikuiona TB. Huku kwetu TB ni nyingi, na Njombe, Iringa na Mbeya ziko juu kitaifa kwa VVU. Kuanzishiwa dawa za TB kwa kuangalia picha ya kifua si kuonewa. Anaonewa pale anapofikisha miezi miwili bila nafuu, kivuli kipo palepale, na hakuna anayeuliza swali jingine. GeneXpert, kipimo cha TB cha makohozi, ikiwa hasi na dawa hazisaidii, andika saratani kwenye orodha yako siku hiyohiyo. Ikiwa chanya, bado fikiri: aliyewahi kutibiwa TB anaweza kutoa majibu chanya kwa sababu ya mabaki ya vijidudu vilivyokufa, na wapo wenye magonjwa yote mawili kwa pamoja. Wala usimtoe mama kwenye orodha kwa kuwa hajawahi kuvuta sigara. Muulize amepikia wapi miaka yote. Jiko la kuni la ndani, kwenye baridi ya Makete ambako mlango unafungwa, ni historia ya kuandikwa.

Ninachotaka mkishike ni hiki: kutambua saratani na kupima hatua yake ni kazi moja. Wengi wanadhani hatua ni mambo ya Dar es Salaam, yatajulikana mgonjwa akifika Ocean Road, hospitali ya saratani. Kumbe kinyama kimoja, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara, kikichukuliwa mahali sahihi kinajibu maswali yote mawili. Tafuta sehemu ambayo ikikutwa na saratani itathibitisha kwamba ugonjwa umefika mbali zaidi, mradi iwe salama kuifikia.

Kwa hiyo anza na shingo. Juni na Julai mzee anaingia wodini na koti, sweta na shuka juu yake, na daktari anamsikiliza kifua juu ya sweta. Mwombe radhi, funga dirisha, mvue. Kaa nyuma yake, mwambie alegeze mabega, kisha zamisha vidole taratibu nyuma ya mtulinga, kulia na kushoto, na umwambie akohoe. Unatafuta kitu kidogo kigumu kisichouma, pengine kama punje ya haragwe. Tezi hiyo inachomwa sindano hapohapo wodini. Ikitoa saratani ya mapafu, hiyo ni N3, yaani hatua ya IIIB au zaidi, na hujagusa kifua. (Kwenye hatua, T ni ukubwa wa uvimbe, N ni tezi, M ni kusambaa.) Ukiwa bado hapo sikiliza sauti kama imekauka, angalia ncha za vidole kama zimevimba, uso na mishipa ya shingo kama imejaa, kope moja kama imeshuka. Gonga uti wa mgongo, papasa ini. Miguu ikiwa imelegea au mkojo umeziba, hiyo ni dharura ya siku hiyo: deksamethasoni, na simu kwa mkubwa wako kabla hujaendelea na raundi.

Kama kuna maji kifuani, yatoe na uyapeleke ya kutosha, mililita 50 au zaidi kwa ajili ya seli peke yake. Majibu hasi ya mara ya kwanza hayamalizi kesi, kwa sababu kipimo cha kwanza hukosa karibu wagonjwa 4 kati ya 10 ambao maji yao kweli yametokana na saratani. Rudia. Seli za saratani zikionekana kwenye maji hayo ni M1a, hatua ya nne, hata kama uvimbe wenyewe ni wa sentimita 2. Na vikopo msivichanganye: kinyama cha patholojia kiende kwenye fomalini ya asilimia 10, mara kumi ya ukubwa wake. Kipande cha kupima TB kiende kwenye salini, maana fomalini inaua vijidudu.

CT scan inakuja baada ya hapo. Kwenye fomu usiandike “kifua” tu; andika kifua pamoja na ini na tezi za juu ya figo, na dawa ya kung'arisha picha inayopitia mishipani kama kreatinini, kipimo cha figo, inaruhusu. Uvimbe hadi sentimita 3 ni T1, hadi 5 ni T2, hadi 7 ni T3, zaidi ya hapo T4. Hilo ni rahisi.

Penye mtego ni tezi za katikati ya kifua. Vitabu vingi vimeandikwa kwenye nchi ambako tezi iliyokua kwa mgonjwa wa saratani ni ya kutilia shaka moja kwa moja. Huku, mchimbaji wa dhahabu wa Chunya anaweza kuwa na tezi kubwa kwa sababu ya vumbi la mawe, mwingine kwa TB ya zamani, mwingine kwa VVU. Hata PET, picha inayoonyesha sehemu zenye seli zinazofanya kazi sana, huwaka kwenye TB. Nawasihi, mgonjwa mwenye nguvu zake asinyimwe upasuaji kwa sababu ya kivuli ambacho hakuna aliyekichoma sindano. Omba kinyama cha tezi hiyo, hata kama ni kwa rufaa.

Ndugu watakuomba mzee asiambiwe. Wasikilize, kisha muulize mzee mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Asipande basi la Dar akidhani anafuata dawa za kikohozi.

Barua ya rufaa iandike wewe, usiiache kwa mwenzako wa zamu. Weka uzito, uwezo wake wa kujihudumia kwa alama za ECOG (0 ni mzima, 4 ni wa kitandani muda wote), hali ya VVU na TB na dawa anazotumia, na kila sehemu uliyoipima hata kama haikuwa na kitu. Aina ya saratani itajwe: adenokasinoma, skwamasi au ya seli ndogo, kwa sababu matibabu yanaachana hapo. Andika pia namba ya bloku ya nta iliyohifadhi kinyama chake maabara. Kama ni adenokasinoma, bloku hiyo ndiyo itakayopimwa EGFR na ALK, mabadiliko ya jeni yanayosaidia kuchagua dawa, na mgonjwa hatalazimika kuchomwa tena.