Peni kwanza, simu baadaye

Ukitaka kuanza kuandika kila asubuhi, nunua kaunta buku ya bei ya chini kabisa. Lile daftari zuri la zawadi liache kabatini, maana utaogopa kulichafua, na hapa kuchafua ndiyo kazi yenyewe.

Namna yake ni rahisi. Unaamka, unakaa, unatazama saa, unaandika dakika kumi bila kuinua peni. Hufuti, husomi ulichoandika, hujali nukta. Ukikwama unaandika "sina la kuandika" mpaka lije. Aliyeieneza sana njia hii miaka ya 1970 ni Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, aliyeona kwamba kutunga na kuhariri ni kazi mbili, na ukizifanya kwa mpigo zinagombana. Sisi tuliolelewa na insha za shule, utangulizi, kiini, hitimisho na peni nyekundu, tunaujua ugomvi huo. Sentensi haijaisha, tayari umeikata.

Mimi naandika makala kwa riziki, na ukurasa wangu wa asubuhi huwa hivi: kunguru washaanza kelele kwenye bati, gesi inakaribia kuisha, sina la kuandika, sina la kuandika, mgongo, ile makala ya maji haiendi kwa sababu nimeanza na waziri wakati mwenye habari ni yule mama wa ndoo...

Basi, makala imepatikana. Kabla ya hapo nilikuwa nimeikodolea macho kompyuta jioni nzima.

Faida ya pili ni wasiwasi kupungua, ingawa hapa watu huahidi makubwa mno. Ada ya mtoto ilinizunguka kichwani wiki nzima. Nilipoiandika nikaona shida ni kumpigia mhasibu wa shule kuomba kulipa kwa awamu. Nikapiga. Kwa mambo mazito zaidi, kuna utafiti wa mwaka 1986 wa James Pennebaker na Sandra Beall, Marekani. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo, na walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zake walikwenda kliniki ya chuo mara chache zaidi miezi iliyofuata. Ila mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo msiba wako usiuguse asubuhi ya usaili wa kazi.

Kwa nini asubuhi? Kwa sababu ya simu. Ukishafungua WhatsApp, ukoo, ofisi na kamati ya harusi wote wameshakupangia la kuwaza. Lakini kama una watoto wa kuogesha na kuwahisha basi la shule, asubuhi yako inaanza basi likiondoka. Usijitese na alfajiri ya watu wengine. Na andika kwa lugha inayotangulia kuja. Hasira zangu huja kwa Kisukuma, naziacha zipite hivyo hivyo.

Usisome kurasa zako mapema. Nyingi hazina maana, nami husoma zangu mwisho wa mwezi tu, nikizungushia duara pale penye wazo. Kama nyumbani kuna wapekuzi, chana. Jirani yangu akimaliza ukurasa wake anawashia jiko la mkaa, anabandika chai, na haoni kama amepoteza kitu.